Kujikaza Kiume: Historia Fupi ya Amri Tunayowapa Wavulana



Katika Kiswahili kuna amri ambayo kila mvulana huisikia kabla hajajua kusoma: "Jikaze, wewe ni mwanamume." Huambiwa akianguka na kuchubuka goti. Huambiwa akifiwa na babu. Huambiwa usiku wake wa kwanza bwenini, na huambiwa tena akiwa mtu mzima aliyefukuzwa kazi, mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba ya miezi miwili. Kwa kuwa imezoeleka mno, ni wachache wanaojiuliza imetoka wapi na ilikuwa ikidai nini kwa kila kizazi.

Makala hii inaifuata amri hiyo kwa njia ninayoijua baada ya miaka mingi ya kufundisha lugha, nayo ni njia ya maneno na tungo. Hoja yangu naiweka wazi mapema ili msomaji aipime: zamani amri ya kujikaza ilikuja na malezi, wenzi na heshima. Katika muda wa karne moja na ushei, vile vilivyoandamana nayo viliondolewa kimoja kimoja, amri ikabaki peke yake. Kijana aliyeachiwa amri bila malezi yumo hatarini, na sisi tunaoitunza lugha tuna sehemu yetu katika kumwokoa.

Neno lenyewe

Mzizi -ume ni mkongwe, na umezaa mengi. Tuna mume, mwanamume, kiume, uume na dume. Tuna pia "mkono wa kuume", ule ambao wengi leo huuita wa kulia, na katika matumizi ya zamani mkono wa kushoto uliitwa "mkono wa kike". Mwili mmoja, basi, uligawanywa: upande wa nguvu ukapewa mwanamume, upande mwingine ukapewa mwanamke. Mshairi atatambua mzaha uliojificha hapo. Mkono uleule wa kuume una jina la pili, kulia, lisilotofautiana kimatamshi na kulia kwa machozi. Wanaisimu watatuambia kwamba jina hilo limetokana na kula, kwa kuwa ndio mkono wa kulia chakula. Hata hivyo sikio la mshairi halikatazwi kusikia kwamba uume na kilio vimekutana katika mkono mmoja.

Kielezi "kiume" nacho kina mzigo wake. Hatusemi tu kwamba mtu alipigana, alipigana kiume. Alivumilia kiume, alikufa kiume. Kitenzi cha ndoa kina mpaka mkali zaidi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kijana aliyehamia kwa wakwe zake kwa sababu hana nyumba akitajwa kijiweni kuwa "ameolewa", kiambishi kimoja cha kauli ya kutendwa kinatosha kumvunjia hadhi mbele ya wenzake. Na nani asiyeijua picha ya kujikaza kisabuni? Nimeitafakari sana picha hiyo. Kweli mche wa sabuni ni mgumu, lakini kila unapotumika huyeyuka, na hakuna anayeuliza umebaki kiasi gani hadi siku unapokwisha mkononi.

Methali zetu zina hekima zaidi kuliko amri hiyo, kwa kuwa zinatazama pande zote mbili. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Wengi huitumia kumhimiza kijana awe shujaa. Isomwe tena polepole: ni kwa shujaa ambako watu wamekwenda kulia, kwa kuwa shujaa amekufa. Mwoga yuko hai, nyumbani kwake mna kicheko. Methali haijamtukana yeyote. Imetaja bei ya ushujaa na kumwachia msikilizaji aamue. "Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana" inasifu kuvumilia kimya. Lakini jirani yake ni "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Wazee waliziweka mbili hizo katika kapu moja. Sisi tumeichukua ya kwanza na kuisahau ya pili.

Mtoto wa Liyongo

Ukimtaja shujaa wa kiume katika fasihi ya Waswahili, jina la kwanza ni Fumo Liyongo. Habari zake zilisimuliwa na kuimbwa vizazi vingi kabla Muhammad Kijumwa wa Lamu hajautunga utenzi wake maarufu mwaka 1913. Sote tunamjua: jitu la vita, mpiga upinde asiyeshindwa, na pia malenga. Wagala walipoona nguvu zake walitaka kumwoza binti yao ili wapate mbegu yake. Hata katika kusifiwa, mwanamume huyu anathaminiwa kama fahali.

Hata hivyo, utenzi huo haukumtukuza kwa nguvu peke yake. Liyongo akiwa gerezani haokolewi na misuli. Anaokolewa na mama yake, anayemtumia tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada, anayeupitisha mkate huo mbele ya walinzi. Anaokolewa pia na wimbo, kwa kuwa ngoma ya gungu na vishindo vyake ndiyo iliyozima sauti ya tupa ikikata minyororo. Shujaa wetu mkuu wa kiume, kumbe, alitoka kifungoni kwa msaada wa wanawake wawili na ushairi.

Katika kufundisha kisa hiki darasani, jicho langu lilizoea kumfuata mtu mwingine ambaye wahakiki humpitia haraka: mtoto wa Liyongo. Huyu ni kijana aliyekua chini ya kivuli kisichopimika. Sultani wa Pate anamwita, anamwahidi cheo na kumwoza binti yake, mradi amuulize baba yake siri ya kifo chake. Tazameni ahadi hizo ni zipi: mke na madaraka. Hizo ndizo tiketi mbili ambazo jamii humpa kijana ili aingie katika ukumbi wa wanaume. Kijana anaipata siri, anachukua sindano ya shaba na kumchoma baba yake kitovuni akiwa usingizini.

Liyongo anaamka, anachukua upinde na mishale, anakwenda kisimani na kupiga goti akiwa amevuta upinde. Anafia papo hapo, katika mkao wa vita. Watu wa mji, wakidhani angali hai, hawathubutu kuteka maji. Siku zinapita, mji unashikwa na kiu kwa kumwogopa maiti. Na mtoto? Hakupewa alichoahidiwa, wala hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Msiba huu husomwa kama kisa cha usaliti, na ni kweli. Lakini ni pia kisa cha kijana ambaye wakubwa waliijua njaa yake wakaitumia. Alitaka kuonekana mwanamume. Sultani hakumpa upanga wala vita vyake mwenyewe, alimpa sindano. Tangu hapo, kila mwanasiasa anayewakusanya vijana wasio na kazi na kuwapa mawe na ahadi ana ndugu yake katika utenzi wa Liyongo.

Binti alipewa wosia, kijana alipewa vita

Mwaka 1858, Mwana Kupona wa Siu alimtungia bintiye utenzi wa wosia unaosomwa hadi leo. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siu aliyewapinga kwa silaha masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi. Mama, akiwa mgonjwa, alimwita binti akae karibu naye, akamwachia maneno ya kumwongoza katika dini, adabu na nyumba. Tunaweza kubishana leo kuhusu aliyoyasema juu ya utiifu wa mke, na tumebishana sana. Jambo moja halina ubishi: binti alikalishwa, akazungumzwa naye kwa upendo, akapewa maneno.

Nyumba hiyohiyo iliwapa wana wa kiume nini? Iliwapa ugomvi wa baba. Wana wa Bwana Mataka walirithi upinzani dhidi ya Zanzibar na wakauendeleza baada ya kifo chake. Na ukitazama hazina ya tenzi za upwa wa kaskazini, utaona mvulana alihudumiwa zaidi na tenzi za vita na mashujaa, tangu Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728. Msichana aliambiwa namna ya kuishi. Mvulana alionyeshwa namna ya kufa vizuri.

Pengo hilo liliendelea hadi alipotokea Shaaban Robert. Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, mzee wetu huyo alitunga tenzi mbili za wosia: Utenzi wa Hati kwa bintiye, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Kijana naye alikalishwa. Baba alimwandikia juu ya tabia njema na utu, kwa upole uleule na bahari ileile ya utenzi aliyoitumia kwa dada yake. Katika historia ya ushairi wetu tendo hilo ni kubwa kuliko tunavyolihesabu.

Kuna jingine. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina, alilia kwa shairi, akalipa jina lake, akalichapisha. Hakujificha nyuma ya mhusika wa kubuni. Mwanamume mzima, mtumishi wa serikali, baba wa watoto, alisimama mbele ya wasomaji akiwa mjane mwenye majonzi. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba shairi la Amina lilimpunguzia Shaaban Robert uanaume wake. Miaka kadhaa baadaye, Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa maandishi yake ya kisiasa, alitoka na diwani iliyochapishwa mwaka 1973. Angeweza kuipa jina la ushujaa, maana ushujaa alikuwa nao. Aliiita Sauti ya Dhiki.

Kumbi na kilichokuwamo

Sasa tutoke vitabuni tuingie porini, palipokuwa na shule ya zamani ya uanaume. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa mwaka 1903, ametuachia maelezo ya desturi za pwani, jando likiwa mojawapo. Jamii nyingi za bara nazo zilikuwa na njia zao. Wabukusu wa magharibi ya Kenya hadi leo huwatahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kijana husimama wima, mwili umepakwa tope la mto, bila kupepesa jicho.

Sina nia ya kulipamba jando. Kisu kilikuwa kisu, ngariba hakuwa na ganzi, wapo waliougua na waliokufa, na mengi yaliyofundishwa kuhusu wanawake hayafai kurudishwa. Lakini tuhesabu kwa haki kilichokuwamo. Mvulana hakwenda peke yake. Alikwenda na rika lake, na wale waliomwaga damu pamoja waliitana ndugu hadi uzeeni. Alikuwa na kungwi, mtu mzima aliyepewa kazi ya kumkalia, kumuuguza na kumfunza. Alikaa kumbini wiki kadhaa, akiimba, akifumbuliwa mafumbo ya mwili na ya maisha. Maumivu yalikuwa na mwanzo na mwisho. Akitoka, alipakwa mafuta, akavishwa nguo mpya na kushangiliwa na mji mzima. Hakuhitaji tena kuthibitisha kwamba ni mwanamume, kwa kuwa mji ulikuwa umeshuhudia.

Amri ya "usilie" ilikuwa ya asubuhi moja. Iliyobaki ilikuwa ni malezi.

Leo, kwa wengi wetu, mvulana hupelekwa hospitali wakati wa likizo, hushonwa, hurudi nyumbani na khanga ya mama kiunoni. Hilo kwa afya ni jema sana. Ila kungwi hakuajiriwa popote, na kumbi haikuhamishiwa mahali pengine. Kilichosafiri salama kutoka porini hadi mjini ni lile neno moja tu: jikaze.

Kodi, namba na "boi"

Kati ya kumbi na hospitali pana historia ya ukoloni, nayo imeandika uanaume upya kwa maneno ambayo bado tunayo kinywani.

Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika koloni lao la Afrika Mashariki. Waingereza nao walitoza kodi zao, ikiwamo kodi ya kichwa. Kichwa cha nani? Cha mwanamume. Mkulima mwenye chakula ghalani, mke, watoto na heshima katika ukoo aliamka siku moja akiwa mdaiwa, na deni lake lililipika kwa fedha tu. Fedha ilikuwa mashambani kwa walowezi, bandarini na relini. Tangu hapo, baba mwema aliacha kuwa yule aliyepo nyumbani, akawa yule aliyeondoka. Waliokwenda kukata mkonge Tanga waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba. Kenya, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanaume Waafrika walibeba kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Neno "kipande" lilikuwa na maana njema ya sehemu ya kitu kizima. Sijui kama kuna mshairi ambaye angepata sitiari kali zaidi ya hiyo.

Vita Vikuu vya Kwanza viliwachukua vijana kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo ya majeshi, na wengi mno walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba hadi leo jina la kikosi cha wapagazi hao. Mwaka 1927 ilizinduliwa sanamu ya askari Dar es Salaam, shujaa aliyeshika bunduki. Mpagazi aliyeinama chini ya mzigo wake alibakiziwa jina la soko.

Lakini neno lililouma kuliko yote lilikuwa fupi: boi. Mtu mwenye mvi, aliyetahiriwa na rika lake, aliyeoza mabinti, aliitwa kwa jina la mtoto na mtoto wa mwajiri wake. Kamusi zetu zinalo: mtumishi wa kiume wa nyumbani. Fikirini mtu huyo anaporudi kwake jioni. Alikojikaza mchana kutwa, akiitwa mtoto, akajibu "ndiyo, bwana", alirudi mahali pamoja tu ambapo angeweza yeye kuitwa bwana. Wapo waliorudi na upole. Wapo waliodai kwa mkono nyumbani heshima waliyonyimwa kazini, na wavulana wao wakajifunza kwa kutazama kwamba uanaume ni kuogopwa. Kusema hivi si kumtetea anayempiga mke. Ni kueleza mnyororo ulivyoungwa, pete kwa pete, ili anayetaka kuukata ajue pa kuweka tupa.

Deni la washairi

Nilipokuwa nikifundisha kidato cha tatu, niliwapa wanafunzi wangu, mwaka baada ya mwaka, insha juu ya siku waliyohuzunika. Wasichana aghalabu waliandika: nililia, nilihisi upweke, nilimweleza shangazi. Wavulana waliandika: nilikasirika, niliondoka, nilinyamaza. Misiba yao ilikuwa ileile. Mzazi amefariki, karo imekosekana, rafiki amehama. Kilichotofautiana kilikuwa msamiati. Nilichokiona katika madaftari yale ni umaskini wa lugha uliopandikizwa, maana watoto wale wavulana hawakuzaliwa na maneno machache. Walinyang'anywa. Mtu asiye na neno la huzuni yake huivisha nguo ya hasira, kwa kuwa hasira ndiyo hisia pekee aliyoruhusiwa kuivaa hadharani.

Matokeo yake yanapimika. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba, ulimwenguni kote, kiwango cha wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Sheria tulizorithi kutoka kwa wakoloni zilimwongezea anayezama jiwe la shingoni, zikifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoharamisha jaribio hilo, kinakwenda kinyume cha katiba. Mahakama imefanya sehemu yake. Lakini hakuna hakimu anayeweza kumfundisha kijana kutamka "nimeelemewa." Hiyo ni kazi ya wazazi, ya walimu, na ya malenga.

Nayo lugha yetu haikosi vifaa. Inalo neno utu, ambalo halina jinsia. Inalo uungwana, na stara, na ujasiri. Inayo dhiki, ambayo Abdilatif aliitia jaladani. Inayo desturi ya mashairi ya kujibizana, ambapo mtu hutupa swali magazetini au redioni na malenga wa miji mingine humjibu; ndani yake wanaume wa Kiswahili wamekuwa wakishauriana kwa karne nyingi, wakifichwa kidogo na vina na mizani. Waama, hakuna kilio chenye heshima kama kile kilichopimwa mizani nane kwa nane.

Basi ninatoa ombi kwa wasomaji wa ukurasa huu ambao ni watunzi. Tumetunga mengi ya kumwonya kijana: asivute bangi, asimpe mtu mimba, asiwe mvivu. Maonyo hayo yanahitajika, lakini onyo peke yake ni kodi ya kichwa nyingine. Mtungieni kijana wosia unaomkalisha karibu, kama Mwana Kupona alivyomkalisha bintiye na Shaaban Robert mwanawe. Mwambieni kwamba Liyongo aliokolewa na mama yake. Mwambieni kwamba anayemwahidi uanaume kwa kumpa sindano hampendi. Mwambieni kwamba kujikaza ni kwa asubuhi moja, na kwamba baada ya asubuhi hiyo anastahili kungwi, wenzi, mafuta na nguo mpya.

Nitakayeanza kumtungia ni mjukuu wangu wa kiume, aliyefikisha miaka saba mwaka huu. Beti zenu nazo nitazisoma kwa furaha.